Swali Kabla ya Jibu: Kujenga Hazina ya Maarifa ya Watumiaji wa Programu za Kompyuta kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi



Naomba nianze na habari ya daftari. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa siku mbili katika ofisi moja ya takwimu za afya wilayani Ngara, mkoani Kagera, nikiwa mgeni wa jamaa yangu aliyekuwa mtumishi hapo. Mezani pake palikuwa na kauntabuku nene. Humo aliandika kila hitilafu iliyompata alipokuwa akiingiza takwimu katika kompyuta, jina la aliyemsaidia, na namna tatizo lilivyokwisha. Wenzake wa vituo vingine walimpigia simu, naye alifunua daftari na kuwajibu. Nilipopita tena baada ya miaka miwili, jamaa yangu alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine na daftari halikujulikana lilipo. Kijana aliyemrithi alikuwa akihangaika na hitilafu ambayo hata mimi, nisiye mtaalamu wa kompyuta, niliikumbuka kutoka katika kurasa zile.

Kilichopotea pale kilikuwa maarifa ya wilaya nzima, ingawa hakuna aliyeyahesabu kuwa mali ya ofisi. Mhadhara huu unakusudia kueleza jinsi maarifa ya namna hiyo yanavyoweza kukusanywa kutoka katika mazungumzo ya watumiaji wenyewe na kuwekwa katika hazina ambayo mwingine ataweza kuitafuta. Hoja yangu ni moja. Hazina hiyo haina budi ijengwe kuanzia swali, na swali lihifadhiwe kwa maneno ya aliyeuliza. Tukihifadhi jibu la mtaalamu peke yake, tutakuwa na ghala lililojaa lakini lisilo na mlango. Kwa sababu hiyo nitadai kwamba kazi hii ni ya mwanaisimu kama ilivyo ya mtaalamu wa kompyuta.

2.0 Mazingira ya Ngara na Biharamulo

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na Biharamulo iko mashariki yake katika mkoa huohuo wa Kagera. Ngara ni nyumbani kwa Wahangaza na Washubi, ambao lugha zao Guthrie aliziweka katika kundi moja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Biharamulo wamo Wasubi, Wazinza, na Wasukuma wengi waliohamia. Kwa hiyo muuguzi wa Rulenge anapompigia simu mwenzake wa Nyakahura, Kiswahili ndicho kiunganishi chao, lakini ni Kiswahili kinachobeba mapigo ya lugha za nyumbani.

Watumishi hawa wanaunganishwa pia na Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kwa jina la MTUHA, ulioanza kutumika nchini katika miaka ya 1990. Kila kituo kina vitabu vyake vyenye namba: kitabu cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, cha 6 ni cha wajawazito, cha 12 ni cha wodi ya wazazi. Mwisho wa mwezi takwimu za vitabu hujumlishwa katika fomu. Kwa miaka mingi fomu za karatasi zimekuwa zikisafiri kutoka vituo visivyo na kompyuta hadi makao makuu ya wilaya, ambako mratibu wa MTUHA huziingiza katika programu iitwayo DHIS2.

Programu hiyo chimbuko lake ni Afrika Kusini, katika juhudi za kuunganisha taarifa za afya baada ya kuanguka kwa utawala wa ubaguzi wa rangi mwaka 1994. Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kinachoratibu uendelezaji wake, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshiriki mkubwa kwa upande wa Tanzania. Kufikia mwaka 2013 ilikuwa imeenezwa katika wilaya zote za Tanzania Bara. Miongozo yake mikuu, hata hivyo, imeandikwa kwa Kiingereza, na imepangwa kwa kufuata sehemu za programu. Mtumiaji aliyekwama hafikiri kwa kufuata sehemu za programu. Anafikiri kwa kufuata kilichomtokea.

Uzito wa suala hili uko wazi. Ripoti ikikwama wilayani, wajawazito waliohudumiwa mwezi ule hawaonekani katika hesabu za mkoa wala za taifa, na anayepanga huduma kwa kutazama hesabu hizo atapanga kana kwamba hawakuwapo.

3.0 Mazungumzo kama chimbuko la maarifa

Kwamba maarifa ya kazi hukaa katika mazungumzo si jambo geni. Mwanaanthropolojia Julian Orr aliwachunguza mafundi wa mashine za kunakili za kampuni ya Xerox huko Marekani, na matokeo yake yakachapishwa katika kitabu mwaka 1996. Orr aligundua kwamba miongozo rasmi iliwasaidia mafundi mpaka mahali fulani tu. Mashine ilipokuwa na tatizo lisilo la kawaida, walilitatua kwa kusimuliana visa: mashine ile ilifanya hivi, nikajaribu vile, kumbe tatizo lilikuwa hapa. Baadaye kampuni hiyo ikaunda mfumo ulioitwa Eureka, ambamo fundi aliandika alichokigundua, mafundi wenzake wakakihakiki, na jina lake likabaki katika maelezo hayo.

Kuna mafunzo mawili hapa. Kwanza, kisa kina sehemu ambazo mwongozo hauna: dalili zilivyoonekana, jaribio lililoshindikana, swali lililofungua njia. Pili, anayefaa kuhakiki jibu ni mtu anayefanya kazi ileile, kwa kuwa ndiye anayejua kama linatekelezeka mahali ambapo umeme hukatika na mtandao huja na kuondoka.

Wataalamu wa huduma kwa watumiaji wa programu katika nchi nyingine nao wamefikia kanuni inayofanana na hii, kwamba tatizo liandikwe kwa maneno ya mwenye tatizo, tena wakati uleule linaposhughulikiwa. Ninachotaka kuongeza ni kwamba katika Kiswahili kanuni hii ina uzito wa pekee, kwa sababu ya jinsi lugha yetu inavyounda vitenzi vyake.

4.0 Sarufi ya swali

4.1 Viambishi vya kitenzi na utambuzi wa tatizo

Chukua mzizi -fung-. Mtumiaji mmoja anasema, "Fomu imefungwa." Mwingine anasema, "Fomu imejifunga." Wa tatu anasema, "Fomu haifunguki." Mtaalamu mwenye haraka anaweza kuyaandika yote matatu kuwa "tatizo la kufungua fomu." Akifanya hivyo amefuta utambuzi ambao watumiaji wamekwisha kuufanya.

Katika "imefungwa" tuna kauli ya kutendwa, inayoashiria kwamba yupo mtenda. Katika DHIS2 jambo hili lina maana mahususi, kwa sababu msimamizi anaweza kuweka idadi ya siku ambazo zikipita fomu ya mwezi uliokwisha haipokei tena takwimu. Jibu ni kumwomba msimamizi aifungue. Katika "imejifunga" kiambishi -ji- kinaeleza kwamba hakuna aliyeigusa: programu au kivinjari kimezima chenyewe, na jibu liko katika kompyuta. Katika "haifunguki" tuna kauli ya kutendua na ya kutendeka pamoja. Mtumiaji anatuambia kwamba amejaribu na kitu chenyewe hakikubali, na hapo ndipo tunapouliza juu ya mtandao. Maumbo matatu yanaelekeza kwenye sehemu tatu tofauti.

Lakini viambishi huweza kupotosha pia. Mtu akiandika "ripoti haitumiki," anakusudia nini? Kauli ya kutendeka ya -tuma na ya -tumia zimekutana katika umbo moja, jambo lisiloshangaza kwa kuwa -tumia yenyewe asili yake ni kauli ya kutendea ya -tuma. Huenda ripoti inashindikana kutumwa. Huenda imetumwa lakini hakuna anayeitumia. Hapa hazina haina budi kutunza swali la ufafanuzi aliloulizwa mtumiaji, pamoja na jibu lake.

4.2 Hatari ya kutafuta kwa mzizi peke yake

Wanafunzi wa isimu kompyuta watasema: tuchanganue kitenzi, tufikie mzizi, kisha tutafute kwa mzizi. Ni kweli kwamba bila uchanganuzi wa mofolojia utafutaji wa Kiswahili hulegalega, maana mashine inayolinganisha herufi tu haitajua kwamba "haifunguki" na "zimegoma kufunguka" ni ndugu. Lakini tukumbuke tuko katika takwimu za afya. Mzizi -fung- umo pia katika "kujifungua." Anayeuliza kwa nini fomu haifunguki asiletewe maelezo yote ya kitabu cha 12 cha wodi ya wazazi. Kwa hiyo uchanganuzi hauna budi kutofautisha umbo lililokwisha kuwa leksimu yenye maana yake na umbo lililonyambuliwa kwa ajili ya sentensi hiyo tu.

4.3 Tahajia na matamshi

Lugha kadhaa za ukanda huu, Kirundi na Kinyarwanda zikiwamo, hazitofautishi /l/ na /r/ kama Kiswahili sanifu kinavyofanya. Matokeo yake huonekana katika maandishi: "lipoti" kwa "ripoti," "hairodi" kwa "hailodi," "imeferi" kwa "imefeli." Mhariri mwenye kalamu nyekundu atasahihisha. Katika jibu ni sawa asahihishe. Katika swali, akisahihisha bila kuhifadhi umbo la awali, anamfungia nje mtu atakayeandika hivyohivyo kesho. Hazina nzuri hupokea "lipoti" na kumwongoza mwandishi wake hadi kwenye jibu lenye "ripoti," bila kumwaibisha. Mtumishi aliyesahihishwa Kiswahili chake mbele ya wenzake siku ambayo kompyuta imemshinda hataki kuuliza tena, na swali lisiloulizwa haliwezi kukusanywa.

5.0 Kutoka mazungumzo hadi maelezo yaliyohifadhiwa

Sasa nieleze hatua zenyewe. Mfano ufuatao nimeuunda mwenyewe kwa kufuata mtindo wa maswali ya kazi hii. Haunukuu mazungumzo ya mtu yeyote.

Hatua ya kwanza ni kukusanya mazungumzo mazima. Mratibu anauliza, mwenzake anajibu kwa swali, anajibiwa, anatoa ushauri, ushauri unashindikana, wanajaribu kingine. Kishawishi ni kuchukua sentensi ya mwisho iliyofaulu na kutupa zilizotangulia. Tusifanye hivyo kabla ya kuyasoma yote, kwa sababu masharti ya jibu mara nyingi yamo katikati.

Hatua ya pili ni kutenga tatizo moja moja. Mazungumzo ya dakika kumi yanaweza kuwa na matatizo matatu, na kila moja lahitaji maelezo yake. Hatua ya tatu ni kuandika maelezo yenye sehemu zisizobadilika, kama hivi:

Swali kwa maneno ya muulizaji: "Nimeingiza zote zimekuwa kijani lakini mkoani wanasema kituo hiki hakijaleta."

Namna nyingine za kuliuliza: "namba zipo ila ripoti haihesabiki", "lipoti inaonekana haijaletwa."

Swali la ufafanuzi: Je, baada ya kuingiza namba ulibonyeza kitufe cha kukamilisha kilicho katika fomu?

Chanzo: Rangi ya kijani huonyesha kwamba namba iliyo katika kisanduku hicho imehifadhiwa. Haionyeshi kwamba ripoti imekamilishwa. Asilimia ya ripoti zilizowasilishwa huhesabiwa kwa kutazama zilizokamilishwa.

Jibu: Fungua fomu ya kituo na mwezi husika, hakiki namba, kisha bonyeza kitufe cha kukamilisha. Subiri hesabu za mfumo zifanywe upya kabla ya kutazama tena asilimia.

Sharti: Maelezo haya yanahusu fomu ya kuingizia takwimu ya matoleo ya awali, ambamo kisanduku hugeuka kijani.

Aliyehakiki na tarehe: (hujazwa na mratibu aliyelijaribu jibu).

Tazama kwamba kiini cha tatizo hili ni cha kisemantiki. Mtumiaji ameelewa kijani kuwa "imekwisha," programu inakusudia "imehifadhiwa." Watu wawili wanatofautiana juu ya maana ya ishara moja, nasi tulio katika idara za lugha ndio tuliofundishwa kuliona jambo kama hilo.

Sehemu ya sharti naomba isichukuliwe kuwa ya ziada. Ushauri unaotolewa sana kwa kompyuta inayosumbua ni "futa kumbukumbu ya kivinjari." Kwa anayeona fomu ya zamani baada ya programu kubadilishwa, huenda ushauri huo ukamsaidia. Lakini DHIS2 iliundwa ili mtandao unapokatika takwimu zihifadhiwe kwa muda ndani ya kivinjari, zipelekwe kwenye seva mtandao unaporudi. Mtu aliyeingiza fomu za vituo kadhaa bila mtandao, kisha akafuata ushauri ule kabla ya kuzipeleka, atakuwa amefuta kazi yake ya siku nzima kwa mkono wake. Jibu ni lilelile, lakini kwa huyu wa pili ni hasara. Kwa hiyo hata ushauri uliomdhuru mtu una nafasi katika hazina, ukiandikwa kama tahadhari.

Hatua ya nne ni kuyatunza maelezo. Kila mratibu anayeyatumia aseme kama yamefaa, na yasiyofaa tena yaondolewe toleo linapobadilika. Kwa vituo visivyo na mtandao, yachapwe karatasi moja moja na kurudishwa mahali ilipoanzia habari yetu, yaani katika kauntabuku, ila safari hii nakala nyingine ibaki kwingine.

6.0 Siri na heshima

Mazungumzo ya watumishi wa afya hayawezi kuokotwa kama kokoto za barabarani. Ndani yake mnaweza kuwamo jina la mgonjwa, namba ya simu, au nywila iliyotumwa kwa haraka. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwaka 2023, kulinda taarifa za namna hiyo ni takwa la kisheria pia. Taarifa hizo ziondolewe kabla maandishi hayajatoka mikononi mwa wenyewe. Waliozungumza waombwe ridhaa. Muulizaji asitajwe kwa jina, kwa kuwa swali laweza kuonekana kama ungamo la kutojua. Aliyegundua jibu, akiridhia, atajwe, maana maarifa hayo ni kazi yake.

7.0 Uhusiano na ukuzaji wa istilahi

Wengine watauliza kama kuhifadhi "hailodi" na "imegoma" si kurudisha nyuma kazi ya kusanifisha iliyoanzishwa na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki mwaka 1930 na kuendelezwa na TUKI, ambayo sasa ni TATAKI, pamoja na BAKITA. Sioni hivyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kazi ile ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba teknolojia hii. Lakini kutafsiri menyu ni kuipa mashine maneno ya kumwambia mtumiaji. Lipo pia suala la maneno ambayo mtumiaji humwambia mwenzake mashine inapomshinda, na hayo hayatungwi katika kikao.

Katika hazina ninayoieleza, jibu huandikwa kwa istilahi sanifu na swali hubaki lilivyo. Kila anayesoma hupita kutoka neno lake hadi neno sanifu akiwa na haja nalo, na hiyo ni njia njema ya kujifunza istilahi. Kwa upande wa pili, baada ya muda tutakuwa na ushahidi wa maneno yanayotumika. Ikiwa watumiaji wa Ngara na Biharamulo wote husema "imeganda" kompyuta inapoacha kuitikia, BAKITA itakuwa na sababu ya kulitazama neno hilo kabla ya kubuni jingine. Watunga kamusi wetu wamekuwa wakikusanya maneno vinywani mwa wasemaji tangu enzi za Krapf, ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882. Hapa uwanja pekee ndio mpya.

8.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba maarifa ya watumiaji wa programu hukaa katika mazungumzo yao, kwamba sarufi ya Kiswahili huyapa maswali yao uwezo wa kutambua tatizo ambao mhariri anaweza kuufuta bila kujua, na kwamba jibu lisilo na sharti laweza kudhuru. Mambo hayo yote yanadai mtu aliyefunzwa kusikiliza lugha.

Kwa wanafunzi walio hapa nina ombi. Mnapotafuta mada za tasnifu, msidhani kwamba isimu kompyuta huanza na mashine kubwa. Nendeni katika ofisi ya takwimu ya wilaya moja, kwa kibali na kwa adabu, mkae mwezi mmoja, mwandike maswali kama yanavyoulizwa. Mkirudi na maswali mia moja yaliyochanganuliwa vizuri, mtakuwa mmeisaidia taaluma, na mtakuwa mmemsaidia pia kijana yule niliyemwacha mbele ya kompyuta. Siku ile nilimweleza nilichokikumbuka kutoka katika daftari la jamaa yangu. Ripoti yake ya mwezi ikakubali. Kisha akaniuliza kama nakumbuka mengine yaliyokuwamo, nami sikukumbuka.